Amplifaya ya "wati 3000" au ya wati 200 kila upande?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina spika mbili za inchi 12, nyuma zimeandikwa 300 W RMS, ohmu 8, 97 dB. Nyumbani nasikilizia muziki tu, ila mwisho wa wiki huwa napiga kwenye sherehe ndogo ndogo, watu 50 hivi. Amplifaya yangu imekufa na mfuko si mnene. Nimepata mbili za bei moja. Ya kwanza ni mpya, nyepesi, ina taa za rangi, na mbele imeandikwa wati 3000. Ya pili ni ya mtumba, nzito kama jiwe, wati 200 kila upande kwa ohmu 8 na wati 300 kwa ohmu 4. Rafiki zangu wananicheka kwa kuifikiria hiyo ya pili. Tena nimeambiwa amplifaya ndogo ndiyo inayounguza spika. Ni kweli? Na baadaye nikiongeza spika nyingine mbili kama hizi, itazibeba?

JIBU: Marahaba. Chukua ile nzito, mradi ipite majaribio nitakayokueleza huko chini. Rafiki zako waache wacheke. Hizo wati 3000 zimechapwa kwenye bati la mbele, ndani ya mashine hazimo.

Amplifaya haizalishi umeme. Inachukua ule wa ukutani, inaubadilisha, halafu inaupeleka kwenye spika kwa kufuata umbo la muziki. Kisichoingia hakiwezi kutoka. Kwa hiyo mashine yoyote ukiletewa, igeuze kwanza, soma nyuma. Karibu na tundu la waya wa umeme pana fyuzi, na ukubwa wake umeandikwa hapo hapo. Tuseme umekuta ampia 3, na umeme wako ni volti 230. Zidisha: 690. Mashine za aina ya AB (muundo uliozoeleka wa amplifaya za kizamani) hupoteza sehemu kubwa kwa joto, hivyo zikibaki wati 450 kwa pande zote mbili mshukuru Mungu. Sasa, fyuzi huvumilia mzigo mkubwa kwa muda mfupi, na muziki haupigi kwa nguvu ileile mfululizo, kwa hiyo sikuambii hiki ni kipimo cha mahakamani. Ila wati 3000 za mfululizo zingehitaji ampia 13 hata kama hakuna hata chembe inayopotea. Fyuzi ya 3 haiwezi kuwa na hadithi hiyo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni tochi ya simu. Mulika ndani kupitia matundu ya hewa. Utaona makopo mawili au manne ya duara yaliyosimama kama betri nene: hizo ni kapasita (vihifadhi vya chaji) za saplai, yaani sehemu inayoilisha mashine umeme. Ubavuni zina maandishi, kwa mfano 4700 µF 50V. Hiyo 50V ndiyo unayoitafuta. Kapasita haipewi volti kuzidi ilizoandikiwa, itavimba na kupasuka. Basi kwa mashine ya kawaida yenye saplai ya chanya na hasi, kila upande wa saplai hauwezi kuzidi volti 50. Na wimbi la sauti haliwezi kupanda kuliko saplai yenyewe.

Hesabu yake ni ndogo. Chukua hizo volti, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa mara mbili ya ohmu za spika, yaani ukinzani wake kwa umeme. 50 mara 50 ni 2500. Mara mbili ya ohmu 8 ni 16. Jibu ni wati 156. Hapo nimekuwa mkarimu, kwa sababu mtengenezaji huacha nafasi ya usalama, na transista (vipande vinavyosukuma umeme kwenda kwenye spika) nazo hula volti kadhaa. Ukiweka 42 badala ya 50 unapata wati 110. Hizo ndizo "3000" zako. Ifanyie ile ya mtumba hesabu hiyohiyo: ili itoe wati 200 kwenye ohmu 8 lazima wimbi lifike volti 57 hivi, kwa hiyo tarajia kukuta kapasita zilizoandikwa 63V au 80V. Ukikuta 50V, nayo ni mwongo, achana nayo.

Mulika tu, usifungue. Kapasita hizo hubaki na chaji hata plagi ikiwa imeshachomolewa, na zinauma.

Uongo wa wati si wa leo. Marekani ilibidi watunge kanuni mwaka 1974 ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, maana kila mmoja alikuwa akipima anavyotaka. Anayetaka namba kubwa hupima kilele cha sekunde moja, kwenye ohmu ndogo kuliko spika yako, sauti ikiwa imeshaharibika, kisha anajumlisha chaneli, yaani pande, zote. Ukiona namba haikufuatana na neno RMS (yaani nguvu za mfululizo) na idadi ya ohmu, ihesabu kama pambo. PMPO, ile namba ya kilele cha kubuni, ndiyo hata usiisome.

Nikiri jambo moja hapa. Kama ungekuwa mtu wa sebuleni tu, wala nisingekuambia ubebe jiwe. Kuna vibodi vidogo vya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) vyenye chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, vinatosha kwenye kiganja. Navyo hupambwa kwa namba: karatasi ya mtengenezaji inasema wati 50 kila upande, lakini hiyo ni kwa ohmu 4, kwa volti 21, na upotofu wa sauti umefika asilimia 10. Wauzaji wengi hukupa adapta ya volti 12. Fanya hesabu yetu: 144 gawanya kwa 16, wati 9 kwenye spika zako. Utacheka, lakini spika yako ni ya 97 dB. Maana yake wati 1 tu inatoa desibeli 97 ukiwa umbali wa mita 1. Wati 9 zinakufikisha 106 na ushee. Sebuleni jirani atagonga mlango kabla hujafika huko.

Namba hiyo ya dB ndiyo watu huiruka, wakati ndiyo inayoamua kelele kuliko wati. Kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3, mabadiliko ambayo mtu aliyekaa anapiga soga anaweza asiyagundue. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu unahitaji kama wati mara 10. Kwa wati 200 spika yako inafika desibeli 120 kwa mita 1. Kwa 400 ni 123. Uwanjani, mita 8 kutoka spika, unapungukiwa na 18, kwa hiyo kwa wati 200 bado una 102. Kwa watu 50 hiyo ni kazi nzuri. Mwenye spika za nyumbani za 88 dB angehitaji wati mara 8 ili akufikie, na spika zake zingeungua njiani.

Tuje kwenye kuungua. Si udogo wa amplifaya unaoua spika, ni mkono unaoilazimisha. Ukiongeza sauti kupita uwezo wa saplai, wimbi linagonga dari na kukatwa kichwa, linakuwa bapa juu na chini. Wimbi lililokatwa kabisa likawa kama tofali hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini la kimo kilekile. Amplifaya yako ya 200 inaweza kusukuma karibu 400 kwenye spika ya 300, tena bila kupumzika. Na kinachotangulia kufa ni twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Zile wati 300 zilizoandikwa kwenye boksi karibu zote ni za spika kubwa ya chini. Twita hupewa sehemu ndogo tu, kwa sababu muziki kwa kawaida hauna nguvu nyingi huko juu. Sasa besi ikishagota kwenye dari, sauti za juu bado zina nafasi ya kupanda, nawe unazidi kuzipandisha ukitafuta besi isiyokuwepo.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Nilipoanza kazi nilinunua mashine iliyoandikwa wati 1200, nikaifunga kwenye spika za kazini, taa nyekundu ya CLIP (inayoonya kwamba wimbi linakatwa) ikawaka tangu saa tatu usiku hadi watu wanaondoka. Nilidhani ni mapambo. Asubuhi twita zote mbili kimya, na nilipofungua, koili moja (waya uliosokotwa ndani ya spika) ilikuwa imeiva rangi ya kahawia kama kitunguu kilichosahaulika jikoni.

Kwa hiyo taa ile ikimulika mara moja moja kwenye mapigo ya ngoma, endelea. Ikiwaka ikaganda, shusha. Na angalia mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) kwanza: mita zake zikiwa kwenye nyekundu, wimbi limeshakatwa kichwa kabla halijafika kwenye amplifaya, na hapo taa ya amplifaya inaweza isikuonye kabisa. Ma-DJ wengi wanaua spika kwa njia hii huku wanaapa amplifaya ilikuwa kijani usiku kucha. Kile kitufe cha sauti cha amplifaya nacho hakipunguzi uwezo wake. Ukikiweka nusu, ukasukuma mikisa zaidi, wati zote zinatoka vilevile.

Kuongeza spika mbili inawezekana, na hapa ndipo ile "300 kwa ohmu 4" inakuwa na maana. Spika mbili za ohmu 8 zikifungwa pamoja kwenye upande mmoja zinakuwa ohmu 4. Amplifaya itatoa 300, kila spika ipate 150. Spika tatu kwa upande mmoja usijaribu, na usikubali mtu akuwekee swichi ya nyuma kwenye BRIDGE (pande mbili kuunganishwa ziwe moja) ukiwa na mzigo wa ohmu 4. Kwenye bridge kila chaneli huona nusu ya mzigo, yaani ohmu 2, na mashine ya umri huo inaweza kukata moto katikati ya wimbo. Bridge kwa spika moja ya ohmu 8 ni sawa kwa amplifaya, kama bati la nyuma linaruhusu.

Majaribio ya ile ya mtumba. Nenda na multimita (kifaa cha kupimia volti) na spika moja mbovu-mbovu usiyoionea uchungu. Kabla ya kuunga spika yoyote, washa na usikilize: kwenye mashine zenye rilei (swichi inayojiendesha kwa umeme) ya ulinzi utasikia "tak" baada ya sekunde chache, amplifaya inajikagua ndipo inafungulia spika. Kisha, bila muziki, weka multimita kwenye volti za DC na ushike vituo vya spika, upande mmoja halafu mwingine. Milivolti chini ya 50 ni salama. Ukiona volti nzima, iwe moja au thelathini, zima na urudishe. Volti nyingi za DC zikiingia kwenye koili zinaichoma bila muziki wowote kutoka. Ukiridhika, unga ile spika mbovu, piga muziki dakika 20, halafu gusa mabati ya kupozea ya pande zote mbili. Yawe na joto linalolingana. Vitufe vikikwaruza ukivizungusha usiogope, ni vumbi, dawa ya kunyunyizia inatosha. Pata punguzo kwa hilo. Kapasita iliyovimba kichwa ni jambo jingine, itaje mapema maana kuibadilisha ni gharama.

Sababu nyingine inayonifanya niipende: ikiharibika, transista zake fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu na subira anaweza kuzibadilisha. Nyingi za zile nyepesi zina vipande vidogo kama chembe za mchanga, kikiungua kimoja unabadilisha bodi nzima. Ubaya wa ile nzito kwa nyumbani ni feni. Usiku ukisikiliza sauti ya chini utaisikia ikivuma, na hilo huwezi kulijua dukani penye kelele, kwa hiyo iulizie na uisikilize kwa makini. Vilevile simu yako inaweza kutoa volti kama nusu tu, wakati amplifaya za kazi nyingi zinataka zaidi ya volti 1 ili zifike mwisho. Sauti itaonekana ndogo. Haijaharibika, pitishia kwenye mikisa.

Mwisho, waya. Usitumie ule mwembamba wa redio. Kwa spika iliyo mita 20 mbali, umeme unakwenda na kurudi mita 40. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 utakula karibu asilimia 10 ya nguvu ukiwa na mzigo wa ohmu 4. Nunua wa 2.5. Ukwangue ncha kwa kisu kabla hujalipa: ikitokea nyeupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hiyo inakula zaidi.