Mfarishi wa leso za bibi nimeukuta mgongoni mwa punda

*Shangazi, assalaam aleikum. Mie niko Lamu, Langoni, nimeolewa mwaka wa nne huu na nashona nyumbani kwa cherehani ya mkono, foronya, mikoba, vitu vidogo vidogo vya kutunza watu wa nyumbani. Wifi yangu alipojifungua nkamshonea mtoto mfarishi wa viraka, miezi miwili nashona usiku watu wamelala, nkatia leso za marehemu bibi yangu na majina yake nkayaacha yaonekane, pale katikati ikakaa Hasidi hana sababu, ndani nkatia sponji uwe laini. Nkampa siku ya arubaini, mwezi wa pili, mbele za watu. Akasema ahsante, basi. Juzi natoka gatini nakutana na punda wamebeba mchanga, mmoja katandikwa mfarishi wangu chini ya magunia! Nkalia njia nzima. Nkaweka stetasi, sikumtaja mtu jina. Sasa wifi kanibloku, mavyaa kanuna, na huku mama mdogo wa mume wangu ataka mifarishi mitatu ya bure ya wajukuu zake wa Mombasa kabla ya Idi, ati mie si nakaa tu nyumbani. Mume wangu asema niuze cherehani tupumue. Nifanyeje?*

Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nlicheka, unisamehe, ni yule punda, ya pili nkafika pale ulipoandika jina la ile leso ya katikati, nkavua miwani nkaifuta nkasoma tena.

Hasidi hana sababu. Kwa wifi. Siku ya arubaini, ukumbi umejaa wanawake!

Wewe mtoto wa Lamu mie nikufunze leso? Leso ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, na jina ndilo linalosomwa mwanzo hata kabla mtu hajaona rangi, tangu zile zama yalipokuwa yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtu akienda kumnunulia mamake doti moja atasimama dukani nusu saa anapekua majina, hili kali, hili la mapenzi, hili watu watasema nimemwambia nani, muuza duka mpaka amechoka. Na mwanamke akiwa na neno na jirani yake hana haja ya kufungua mdomo, ajifunga leso yake apita pale barazani mara mbili, ya tatu jirani ashafahamu. Sasa wewe ulipokuwa ukishona ulikuwa unamuona bibi yako, harufu yake, vile alivyokuwa akijitanda, na wifi yako alipoufungua ule mfarishi aliona maneno, tena kaletewa mbele za watu kwa hiyo hata kuuliza hawezi. Na nakuapia kila aliyekuwepo pale aliyasoma, na wako waliobaki nyuma baada ya wewe kwenda zako wakamsaidia kuyafahamu.

Sikusingizii. Lakini ukiwa peke yako usiku hebu jiulize, leso za bibi zilikuwa ngapi na majina mangapi, na ikawaje hilo ndilo likakaa kitovuni. Mie usinijibu.

Alafu kuna hiyo sponji. Mwezi wa pili Lamu ni kaskazi, joto lile mtu mzima alala na upepo wa feni na bado aamka mgongo umerowa, wewe wamletea mtoto wa siku arubaini mfarishi wa sponji! Na hata isingekuwa joto, madaktari wa watoto washauri mtoto asiyefika mwaka asilale na kitu kizito kilicholegea juu yake, chaweza kumfunika pumzi. Kwa hiyo inawezekana kabisa wifi yako aliukunja akauweka tu sababu hauna kazi, na kitu kisicho na kazi kwenye nyumba yenye watu wengi hakikai, siku moja kijana ataka kitu cha kumtandikia punda, aambiwa chukua kile pale. Wewe ushamuuliza nani kautoa? Hujauliza, umekwenda moja kwa moja kwenye stetasi.

Mie mwenyewe nlipoolewa nlimdarizia mavyaa wangu foronya mbili, maua ya asumini pembe zote nne, macho yaliniuma wiki. Nkaja kuzikuta jikoni zimetiwa mchele. Nlinuna mwezi mzima na yeye hajui mie nimenunia nini, kumbe kwake yeye foronya ile ilikuwa imara kuliko gunia na ndiyo maana akaipa mchele wake wa pishori, si wa kila siku. Hayo nliyajua baadaye sana, kwa kuambiwa na mtu mwengine.

Basi mwanzo futa hiyo stetasi, leo, usingojee ijifute yenyewe. Alafu nenda kwake kwa miguu yako, na usimtume mtu, usimpitishie mavyaa meseji, na usianze na habari za punda! Anza na leso. Mwambie ile ni leso ya bibi yangu na jina lake sikulifikiri, nisamehe kama limekukaa vibaya. Sema hivyo unyamaze umwache aseme yake, na akisema kidogo makali uyameze, manake siku arubaini mwanamke amelala ndani mwili wauma alafu atoka aletewa hasidi, si mchezo.

Akishapoa muombe leso zake mwenyewe, zile kuukuu alizokuwa akijifunga alipokuwa mzazi, zimeshakuwa laini zile, na umshonee mtoto mfarishi mwengine kutokana na hizo na majina achague yeye. Huu utakuwa mtandiko wa kuwekwa chini mtoto akae acheze, si wa kumfunika. Sponji usitie kabisa, wala pamba. Watu wa Bengal, kule India na Bangladesh, wana kazi yao waiita kantha, wachukua sari kuukuu wazipanga tabaka mbili tatu wapitisha mshono wa kwenda mbele tu, sindano yaingia yatoka, kwa mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho, basi, ndiyo mfarishi wenyewe, mwepesi na wapitisha hewa. Fanya hivyo, juu viraka, katikati shuka la pamba lililochakaa, chini leso nzima. Vipande kata sentimita 17 kwa 17, mshono ukila sentimita moja kila upande vitabaki 15, ukipanga sita kwa saba ni vipande 42 na wapata kitu cha 90 kwa 105, chamtosha mtoto mpaka atembee. Na kama utachanganya leso mpya fua kwanza, ile mpya ina wanga na itaruka ikifuliwa, viraka vijikunje vyote, na nyekundu na nyeusi za kisutu, ile leso ya harusi, hutoa rangi. Watu watakwambia roweka na chumvi, mie chumvi sikuiona ikinisaidia, fua tu mara tatu nne peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Haya, huyu mama mdogo wa mifarishi mitatu. Mwanangu, hapo kwenu wanaume wakaa barazani washona kofia za viua, kitobo kimoja kimoja kwa sindano, kofia moja yaweza kula mwezi na zaidi, umewahi kusikia mtu amwendea yule fundi amwambia nishonee tatu za bure si wakaa tu? Hakuna, na kofia nzuri yauzwa maelfu na watu walipa na kushukuru. Ila kazi ya mwanamke ndani ya nyumba yaonekana kama yaota yenyewe. Kwa hiyo usimkatalie kwa hasira na usimkubalie kwa haya. Mwambie mama, kwa heshima zote, mfarishi mmoja ni miezi miwili, tatu kabla ya Idi haiwezekani, ila wajukuu ntawashonea vitu vidogo. Na hapo mshonee kweli, kifuko cha kamba cha kutilia pesa za Idi kila mtoto chake, jioni moja watoa vinne na vipande ulivyo navyo. Mifarishi akiitaka baada ya Idi na alete leso zake na uzi, na mkono wako aulipe. Atanuna siku mbili tatu, mama wadogo ndivyo walivyo.

Mume wako mie simlaumu sana, yeye aona uzi wanunuliwa, taa yawaka mpaka saa saba za usiku, na mwisho wake mkewe alia sababu ya punda. Cherehani usiuze. Mwekee hesabu, foronya na mikoba uza, hata jozi mbili kwa wiki, pesa ya uzi isitoke mfukoni mwake tena, uone kama atauliza habari ya cherehani.

Umebaki ule mfarishi wenyewe, na hapa ndipo mie naumia pamoja nawe, manake leso za bibi aliyekufa haziuzwi duka lolote. Kautafute. Lamu si kubwa, punda wa mchanga wajulikana na vijana wao wajulikana, chukua magunia mawili mazuri na shuka nzito umpe yule kijana, hatakataa, punda wake atapata tandiko bora zaidi. Uroweke kwa sabuni usiku kucha, harufu ya punda haitoki siku moja, anika juani anika tena. Sponji tupa. Alafu kaa ukifumue kile kiraka cha katikati ujishonee mfuko wa msahafu wako, jina lielekee ndani, hiyo ni yako na bibi yako hakuna mtu wa kuisoma. Na ukifumua usivute uzi kwa nguvu, leso kuukuu yachanika, kata kila mshono wa tatu kwa upande wa nyuma taratibu, kiraka kitatoka kizima.