Kulala katika nyumba ya wafumaji, Cromford: maswali yenu

Tangu niwasimulie habari za North Street, mtaa ambao Richard Arkwright, mwenye kiwanda cha kusokota pamba, aliwajengea wafanyakazi wake miaka ya 1770 katika kijiji cha Cromford, Derbyshire, Uingereza, maswali hayakatiki. Nimechukua manne.

Kweli mtu anaweza kulala humo, au ni makumbusho tu?

Analala. Nyumba namba 10 hukodishwa na Landmark Trust, taasisi iliyoingia kuziokoa nyumba hizo miaka ya 1970. Weka nafasi mapema, na ujue hutakuta televisheni. Nyumba nyingine za mtaani zina wenyewe, hivyo tusiwachungulie watu madirishani.

Nafikaje nikitokea London?

Panda treni hadi Derby, kisha ubadilishe uchukue ile ya Matlock. Kituo cha Cromford kiko njiani.

Mama mkwe ana miaka 74 na goti linamsumbua. Ataweza?

Dada yangu, usimtese. Nyumba ni nyembamba, ina ghorofa tatu, na maisha yake yote ni kupanda na kushuka ngazi. Mtafutie chumba cha chini kwingine pale kijijini, mchana mtembee naye mtaani na kiwandani polepole.

Kwenye picha madirisha ya ghorofa ya juu ni mapana kuliko ya chini. Kwa nini?

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kule juu palikuwa karakana. Baba alikaa kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, na mfumaji asipopata mwanga haoni uzi uliokatika wa mtande, zile nyuzi za urefu zinazotandikwa kwanza. Mkewe na watoto walikuwa bondeni, katika kiwanda kilichoanza kujengwa mwaka 1771, wakihudumia mashine za kusokota zilizoendeshwa kwa maji. Nyuzi zake zilikuwa imara kiasi cha kufaa kwa mtande. Kabla ya hapo Waingereza waliweka kitani kwenye mtande, pamba ikawa mshindio tu, yaani nyuzi za kukatiza. Sehemu ya maji hayo ilitoka kwenye mfereji wa migodi ya madini ya risasi. Yalikuwa na uvuguvugu, kwa hiyo hata baridi kali haikuyagandisha. Kazi ikaendelea usiku na mchana, kwa zamu za saa 12 au zaidi, watoto wakiwemo.

Ndiyo maana sipendi nyumba hii iitwe kibanda kizuri cha likizo. Arkwright alijenga nyumba nzuri, za mawe, kwa sababu alihitaji familia nzima: mikono ya baba juu, mikono midogo bondeni. Na pamba yenyewe, sehemu kubwa ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa visiwani Karibi. Ukilala pale, panda hadi juu asubuhi na mapema, usimame dirishani jua linapoingia. Utaona dirisha lilivyokatwa kwa upana, mwanga ufike hadi katikati ya chumba, pale kitanda cha mfumi kilipokuwa.