Lainingi za nyuma zikiisha mapema, anza kukagua za mbele

Mwenye lori akikuta lainingi za breki za nyuma zimeisha mpaka kwenye ribiti zinazozishikilia huku za mbele zingali nene, wa kwanza kulaumiwa ni muuza spea. Anafunga seti nyingine nyuma, na haipiti muda mrefu zimeisha tena. Mimi nikiletewa gari la hivyo naanzia mbele. Gurudumu lisilokula lainingi ndilo ninalolishuku: huenda halishiki, na ya nyuma yanafanya kazi yake.

Tofauti ndogo haina ubaya. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 ekseli ya usukani na tani 18 ekseli mbili za nyuma zenye tairi pacha, kwa hiyo nyuma kuna kazi zaidi. Ila mbele zikibaki kama mpya, kuna jambo.

Weka vigingi kwenye tairi, jaza upepo, achia hendibreki. Piga alama ya chaki kwenye fimbo ya chemba (kopo la upepo linalosukuma breki) pale inapotokea, mwambie utingo akanyage breki mpaka mwisho, kisha pima fimbo imetembea kiasi gani. Upepo ukiwa psi 90 hadi 100, chemba ya kawaida namba 30 isizidi inchi 2. Namba 20 na 24 zisizidi inchi 1¾. Kote ninakopima, mbele ndiko fimbo hutembea mno, ndiyo maana hazishiki vizuri.

Wapo madereva wanaozilegeza breki za mbele kwa makusudi, eti usukani utavuta. Usukani huvuta kwa sababu kushoto na kulia hazijasetiwa sawa! Zisetiwe zote mbili. Kama slaki (mikono ya kurekebisha breki) ni za otomatiki na zinalegea kila mara, usiendelee kuzikaza kwa spana. Kagua slaki yenyewe na bushi za shafti ya breki.

Kitu kingine ni valvu ya mzigo iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, inayopunguza upepo wa breki za nyuma lori likiwa tupu. Kiungo chake kikikatika, watu hukifunga kwa waya kwenye nafasi ya mzigo kamili. Hapo nyuma inapigwa upepo wote hata lori likiwa tupu.

Usilifanyie mzaha jambo hili ukiwa unapita mteremko wa Kitonga. Breki za nyuma zikiachiwa peke yake kazi ya kushusha mzigo, drumu hupata moto na kupanuka, fimbo inazidi kutembea, na breki zinakosa nguvu kona zikiwa bado zipo. Shuka kwa gia nzito na breki ya injini, na breki ya tela usiikamate muda wote.