Ukungu usiolowesha lakini unafunga macho

Swali: Kwetu Limuru ukungu hulowesha koti na nywele, lakini nguzo za umeme huonekana hadi ng'ambo ya shamba. Huku Delhi ninakosoma, Januari koti linabaki kavu na nyumba ya jirani siioni. Je, ukungu mzito si ndio wenye maji mengi?

Jibu: Si lazima. Kinachozuia mwanga ni jumla ya eneo la matone, na maji yaleyale yakigawanywa katika matone madogo zaidi, eneo hilo huongezeka.

Chukua nusukipenyo cha tone kwa maikromita (sehemu za milioni za mita), gawanya kwa gramu za maji zilizomo katika mita moja ya ujazo, kisha zidisha kwa 2.6. Unapata umbali wa kuona kwa mita. Tuseme maji ni gramu 0.1, yaani kama matone mawili ya dawa ya macho yaliyotawanywa katika lita 1000 za hewa. Hewa safi ina viini vichache vya mvuke kugandamania, kwa hiyo matone ni machache na makubwa: yakiwa ya maikromita 10, ni kama 24 katika kila sentimita ya ujazo, na utaona mita 260. Moshi ukileta viini zaidi na kuongeza idadi ya matone mara nane, nusukipenyo hushuka hadi 5 tu, na umbali huwa mita 130. Maji hayajaongezeka hata chembe.

Delhi ina jambo jingine. Chembe za salfeti, nitreti na kloridi hunyonya unyevu na kuvimba hata kabla hazijawa matone kamili ya ukungu. Weka maikromita 1 na gramu 0.005: mita 520, ambayo tayari ni ukungu kwa kipimo cha viwanja vya ndege (chini ya mita 1000), ilhali maji ni sehemu moja ya 20 ya mfano wa kwanza. Masizi nayo hufyonza mwanga, na kanuni hii haiyahesabu.

Koti je? Ukungu wa Limuru mara nyingi ni wingu linalosukumwa na upepo juu ya mlima. Tone kubwa haliwahi kukata kona, linagonga nywele. Dogo hupita pembeni pamoja na hewa. Hata kuanguka yanatofautiana: la maikromita 10 hushuka kama mita 43 kwa saa, la 5 mita 11 hivi, ndiyo maana ukungu mchafu hukawia kutoka.

Ukitumia kanuni hii kinyume, kukisia maji kutokana na umbali, pima kwanza ukubwa wa matone. Hapo ndipo wengi hukosea. Angalia pia kifaa chako cha kupimia umbali wa kuona: 2.6 inafuata kigezo cha utofauti wa asilimia 2, yaani kitu huhesabiwa kuwa kinaonekana hadi utofauti wake na mandhari ya nyuma unaposhuka hadi hapo. Kwa asilimia 5, kinachotumiwa na vituo vya hali ya hewa, weka 2.0.