Taa za Landrover kuukuu: kabla hujaagiza balbu nyingine

Vijana wa rewaya, nyie mnaofunga nyaya za magari, naomba tuelewane. Kila ikiingia Landrover 109 ya mzee fulani yenye taa hafifu, namkuta mmoja wenu ameshachomoa balbu, amechokoa plaga kwa testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme, testa imewaka, na hukumu imetoka: "Moto upo, balbu ndiyo mbovu." Balbu mpya inafungwa, inawaka kama kibatari, inaagizwa nyingine. Mwenye gari analipa, na nyie mnaniangalia mimi. Nimechoka kurudia kwa mdomo, sasa naandika.

1. Pima taa ikiwa inawaka. Testa inakula umeme kiduchu sana. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja utaiwasha vizuri tu, na multimita itakusomea volti 12 na ushee. Mpe huo waya balbu ya wati 60, inayotaka ampia 5, ndipo utaona volti zinavyoporomoka. Kwa hiyo acha balbu mahali pake, washa taa, weka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi ipenyeze nyuma ya plaga iguse pini ya moto. Namba utakayoisoma ndiyo volti zilizoliwa njiani. Rudia upande wa pili, kutoka ethi ya balbu, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi na chesisi, hadi hasi ya betri. Ikizidi nusu volti upande wowote, achana na balbu, katafute kiungo kibovu. Na msiseme volti moja si kitu: zikipungua asilimia 10 tu, mwanga unapungua karibu theluthi.

2. Ethi, ethi, ethi. Bodi ya Landrover ni aluminiamu, skrubu ni za chuma, na vikikutana na maji ya mvua vinazaa unga mweupe usiopitisha umeme. Ndiyo maana ukikaza skrubu taa inapona, ikija masika gari linarudi. Vuta waya mweusi mpaka kwenye chesisi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga na washa ya meno, paka grisi juu. Nyuma dalili ni ya kuchekesha: unawasha indiketa ya kushoto, taa ya pakingi ya upande huohuo nayo inakonyeza. Hapo kuna kijana atafungua flasha, kile kidude cha kukonyezesha indiketa, na wiki iliyopita alifungua kweli. Mdogo wangu, flasha haina kosa. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye chesisi, ukaamua kupita kwenye balbu ya jirani.

3. Wati hazitibu ugonjwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wiki hii nimemwona mtu ameshika boksi la balbu za 100/90, yaani wati 100 za ful (mwanga wa mbali) na 90 za dimu (mwanga wa chini), na roho yangu ikaruka.

Nilipoanza kuaminiwa kushika gari peke yangu, mwalimu mmoja mstaafu alileta Landrover Series IIA, ile yenye swichi ya dimu ya kukanyaga pale sakafuni karibu na klachi. Taa zilikuwa za vioo vya H4, vinavyobeba balbu ya nyuzi mbili, balbu za 60/55, na hazionyeshi kitu. Sikupima. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na majivuno, basi nikamfungia za 100/90. Ukuta wa gereji ukawa mweupe, mzee akafurahi, akanipa hela ya soda. Niliinywa hiyo soda nikijiona fundi.

Akaenda Karatu. Wakati wa kurudi, usiku, anashuka mlima kuelekea Mto wa Mbu, akakutana na lori linapanda. Akakanyaga dimu amstahi mwenzake. Taa zote zikazima. Akakanyaga tena, kimya. Aliokolewa na mwanga wa lori lilelile: aliona ukingo wa barabara kwa sekunde chache, akasimamisha gari gurudumu la kushoto likiwa mtaroni.

Alipofika gereji hakufoka, na ningependa angefoka. Aliweka ile swichi juu ya meza, kitako kimeungua rangi ya kahawia, na waya wa buluu ganda lake limekauka kiasi kwamba ukiukunja linapukutika. Akaniuliza, "Kijana, hii ndiyo dawa uliyonipa?"

Ndipo nikapima. Volti zilikuwa zinaliwa sehemu mbili: ndani ya swichi ya dimu, iliyokuwa imelishwa matope miaka na miaka, na kwenye kiungo cha ethi nyuma ya grili. Taa mbili za wati 60 zinavuta ampia 10. Za wati 100 zinakaribia 17. Joto kwenye kiungo kibovu halipandi kwa kiasi hichohicho, linapanda kwa mraba, yaani karibu mara tatu. Na taa kubwa za hizo Landrover kiwandani hazikupewa fyuzi, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kukata moto kabla swichi haijayeyuka. Kusafisha ethi na kubadilisha swichi kungemaliza kazi na balbu zake za zamani. Swichi, waya na ufundi wa mara ya pili vilitoka mfukoni mwangu, na bado nilimwona amenionea huruma.

4. Someni rangi. Buluu inatoka swichi ya taa kwenda dimu. Buluu na nyeupe ni ful. Buluu na nyekundu ni dimu. Nyekundu tupu ni pakingi. Kijani na nyekundu indiketa ya kushoto. Kijani na nyeupe ya kulia. Nyeusi ni ethi. Zikififia, fungua tepu kidogo, ndani rangi bado ipo. Na yule anayerewaya gari zima kwa roli moja ya waya mwekundu, Mungu anamwona.

5. Balbu ya nyuma ya 21/5, wati 21 za breki na 5 za pakingi, ina pini zisizolingana kwa makusudi. Ukiilazimisha, pakingi itang'aa na breki itafifia. Karatasi ya sigara si fyuzi. Ukifunga indiketa za LED, flasha ya zamani haitakonyeza. Kabla ya kufunga betri kwenye gari la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, hakikisha ni upande gani umefungwa chesisi, maana mengi yalikuwa chanya.

6. Mteja akitaka mwanga zaidi, mfungieni rilei mbili, zile swichi zinazoamrishwa kwa umeme kidogo, ya ful na ya dimu. Pini yake ya 30 ichukue umeme moja kwa moja betri, kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, si karibu na taa. 87 iende kwenye balbu. 85 ethi. 86 ipokee ule waya wa zamani wa buluu na nyeupe, au wa buluu na nyekundu. Swichi ya mzee itabaki na kazi ya kuamrisha tu.

Kuna 109 nyingine inaletwa Jumatatu, mwenyewe anasema taa ya kulia inalala. Atakayeishika aje na msasa wake, wangu mmeumaliza.