Dirisha linapanuka, vilivyomo vimeganda

SWALI: Natengeneza programu ya kompyuta kwa Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengenezea madirisha. Nimepanga kisanduku cha maandishi na vitufe viwili chini yake kwa grid, yaani vyumba vya safu za wima na mistari ya mlalo. Nikilivuta dirisha, kila kitu kinabaki kimejibana pembe ya juu kushoto. Nimeweka sticky="nsew" (pande zote nne) kila mahali, lakini wapi!

JIBU: sticky hukibandika kitu kwenye kingo za chumba chake. Chumba chenyewe kisipopanuka, kitu hakina pa kujinyoosha. Kinachopanua chumba ni weight, nayo usipoitaja huwa 0, yaani nafasi ya ziada haina wa kuichukua. Ongeza amri hizi mbili (root ni dirisha lako kuu, na 0 ni safu au mstari wa kwanza):

root.columnconfigure(0, weight=1)
root.rowconfigure(0, weight=1)

Mstari wa vitufe uache na weight 0, ubaki na kimo chake.

Bado hakijanyooka? Basi huenda kisanduku kimo ndani ya fremu (chombo cha kukusanyia vitu ndani ya dirisha), na hapa ndipo wengi hukwama. Fremu ina grid yake. Inahitaji sticky ili ijaze dirisha, kisha columnconfigure na rowconfigure zake yenyewe, kwa sababu uzito wa dirisha haurithiwi. Kujua kosa liko wapi, ipe fremu bg="yellow" uvute dirisha. Njano ikitanda kote huku kisanduku kikibaki kidogo, rekebisha ndani ya fremu. Njano isipotanda, rekebisha nje yake. Tumia tk.Frame kwa jaribio hili, maana ttk.Frame haipokei bg.

Angalia pia kwamba weight hugawa ziada tu, si upana wote. Safu mbili za pikseli 100 na 200 zenye uzito 1 na 3, dirisha likiongezeka pikseli 80, zitakuwa 120 na 260. Ukitaka zilingane, zipe weight ile ile, pamoja na uniform="a".

Mtumiaji naye asiweze kulibana dirisha hadi vitufe vipotee: ukishapanga vyote, ita root.update_idletasks(), kisha root.minsize(root.winfo_reqwidth(), root.winfo_reqheight()). Kabla ya hapo kipunguze kisanduku, kwani Text (ndicho kisanduku cha maandishi) isipoelezwa huomba herufi 80 kwa mistari 24, na kima hicho cha chini ni kikubwa mno kwa skrini ndogo. width=40 na height=10 zinatosha.

SWALI: Kitufe cha “Save” nilichokipa width=8 kilikaa vizuri. Nilipobadilisha kiwe “Hifadhi mabadiliko”, maneno yakakatwa.

JIBU: Uliweka width=8, na kwenye kitufe chenye maandishi hizo ni herufi, si pikseli. Iondoe, kitufe kijipime chenyewe kwa maneno yake. Kama unaogopa vitufe vyenye neno fupi kuwa vyembamba mno, ttk.Button hukubali namba hasi: width=-10 maana yake kisipungue herufi 10, ila kinaweza kuzidi. Usikipange kwa place(x=420, y=310), inayokikaza mahali pamoja kwa pikseli; fonti ikiwa kubwa zaidi kwenye kompyuta nyingine, kitamfunika jirani yake.