Herufi zilezile, maneno mengine kabisa: barua zenu kuhusu vineno vya Kiingereza

Niliwaomba mniandikie maneno ya Kiingereza yanayowasumbua, nikajua nitaletewa yale marefu ya mahakamani na hospitali, kumbe wapi. Nyingi ni za vineno vya herufi mbili, tatu, nne: of, off, to, too, its, then, than. Hivi vidogo ndo vinatoa watu jasho aisee. Sitaweza kujibu zote, nimechukua zile ambazo wengi wanauliza jambo lilelile.

*Shikamoo mwalimu. Mi Kiingereza naongea kazini kila siku na watu wananielewa, ila nikiandika of na off nachanganya na simu hainisahihishi. Na then na than ni hivyohivyo. Kuna kanuni au ni kukariri tu? Karani wa mapokezi.*

Marahaba. Simu mara nyingi hainyanyui mdomo kwa sababu yote mawili ni maneno halali, yenyewe inaangalia kama neno lipo, si kama ndo ulilolitaka.

Kwanza sikio. Of inatamkwa "ov", ndo neno pekee la kila siku la Kiingereza ambalo f inasomeka v. Off ndo yenye f kamili. Sasa wengi wetu tunasema "of" kwa zote mbili, sikio halijasikia tofauti, mkono utaijulia wapi? Ukianza kuitamka ile v hata ukiwa peke yako nusu ya tatizo imekwisha.

Halafu maana. Of inakaa pale ambapo sisi tunaweka ile -a ya kuunganisha, mlango wa nyumba ni the door of the house, kikombe cha maji ni a cup of water. Wa, cha, ya, la, za, vya, kwa Mwingereza zote hizo ni of moja tu, hana ngeli maskini. Off ni kutoka, kubanduka, kuzimika, turn off the light ni zima taa, take off your shoes ni vua viatu, na wakisema the milk is off usiyanywe, yamechacha. Kwa hiyo jaribu kuweka -a yetu hapo, ikikubali andika of, ikikataa na kuna kitu kinatoka au kinazimwa weka f ya pili.

Sasa kinachonifurahisha mimi, haya mawili zamani yalikuwa neno moja. Likisemwa harakaharaka katikati ya sentensi bila kukazwa likawa "ov", likikazwa likabaki na f yake, na kwenye maandishi hayakutengana vizuri mpaka miaka ya 1600 hivi. Too nayo ni to iliyokazwa. Then na than pia walikuwa neno moja, kuachana kwao kwenye maandishi kumekamilika karibu na 1700. Yaani ni mapacha waliogombana. Na si ajabu kwetu, sisi wenyewe tuna barabara ya magari na barabara ya kumaanisha sawasawa, herufi zilezile kabisa, unapokaza sauti ndo panapotofautisha, ila sisi hatukusumbuka kuziandika tofauti.

Then ni kisha, halafu, au wakati ule. Than ni kuliko, basi, haina kazi nyingine ya kukuumiza kichwa. Eat then sleep, kula kisha ulale. I would rather eat than sleep, bora nile kuliko kulala. Ukibadilisha e na a hapo mtu anapoteza ama usingizi ama chakula.

Na kwa kuwa nimeitaja too, niseme hili maana naliona sana. Too ina maana ya pia, na ina maana ya kupita kiasi, na hiyo ya pili ina harufu ya malalamiko. The tea is too hot maana yake sinywi mpaka ipoe. Sisi tunasema mzuri mno na ni sifa, ukiihamisha ikawa your work is too good, mwenzio anasubiri umwambie tatizo liko wapi. Two ya namba iko peke yake, ile w ilikuwa inatamkwa zamani na bado unaisikia kwa ndugu zake, twelve, twenty, twin, hata between ambayo ni katikati ya viwili.

*Its na it's. Tafadhali jibu fupi, nimechoka na maelezo marefu. Mwanafunzi wa jioni.*

Fupi basi. Ile alama ni ritifaa, kilekile kialama cha kwenye ng'ombe, na hapa inaonyesha kuna herufi imemezwa. It's ni it is au it has. Ifungue, sentensi ikisimama, weka ritifaa. Isiposimama ni its, yaani yake, yenyewe haina alama kama vile his na hers zisivyo na alama. Na its ni neno changa, Biblia ya King James ilivyochapwa mara ya kwanza 1611 haikuwa nalo hata mara moja, walitumia his, her au thereof. Nimemaliza, kapumzike.

*Mwalimu habari. Mtoto wangu kaletewa orodha ya maneno akariri: though, through, thought, tough, thorough. Anakuja kuniuliza yanasomwaje, mi nabaki kujikohoza tu. Nisaidie nisiaibike mbele ya mtoto. Baba wa watatu.*

Baba, usijilaumu, hiyo orodha ingemkohoza yeyote. Though ni "dhou", ile dh ya dhahabu, maana yake ingawa. Mengine yanaanza na th ya thamani, isipokuwa tough. Through ni "thruu", kupita ndani ya kitu ukatokea upande wa pili. Thought ni "thoot" kwa o ya kuvuta, ni wazo, au ni think ya jana. Thorough ni "thara", kufanya jambo kwa kina bila kuruka kitu. Tough ni "taf", gumu.

Atakuuliza tu kwanini imeandikwa gh halafu haisomwi. Mwambie zamani ilisomwa, ilikuwa sauti ya kooni kama kh ya kheri. Baadaye Waingereza wakaiacha, kwenye maneno mengine ikafa kabisa, kwenye mengine ikageuka f kama hiyo tough, na cough, na laugh, na enough. Shida ni kwamba mitambo ya kuchapa vitabu ilikuwa imeshaingia, wa kwanza Uingereza aliufunga William Caxton pale Westminster mwaka 1476, na vitabu vilivyozidi kuchapwa spelingi ikaanza kuganda wakati midomo ya watu inaendelea na safari zake. Unachokiona kwenye daftari la mtoto ni matamshi ya watu waliokufa zamani.

Na through na thorough ni mapacha wengine walewale, lilikuwa neno moja, lililokazwa likapata silabi ya ziada. Ukipita kwenye kazi mwanzo mpaka mwisho bila kuruka, umekuwa thorough, unaona?

Ila mi nina ugomvi na hiyo orodha yenyewe. Kumpa mtoto maneno matano yanayofanana kwa mkupuo mmoja ni kumfundisha kuchanganya. Wakati nafundisha niliifanya hiyohiyo, nikaandika yote ubaoni nikiamini nawasaidia, na waliokuwa wanajua mawili wakatoka hawajui hata moja. Mpe though leo ndani ya sentensi anayoielewa, alitumie, alizoee, siku nyingine kabisa ndo umpe through. Orodha ni ya mtu ambaye tayari anajua.

*Mwanangu, mimi nimestaafu na sasa ndiyo nasoma vitabu vya Kiingereza kwa raha zangu. Kiswahili unasoma kilivyoandikwa. Hawa wenzetu wanaandika read, mara ni "riid" mara ni "red". Lead hivyohivyo, tear hivyohivyo. Hii si vurugu? Mzee msomaji.*

Shikamoo mzee wangu. Ni vurugu, sikatai. Tear ikisomwa "tia" ni chozi, ikisomwa "tee-a" kwa e ya kuvuta ni kuchana nguo au karatasi. Lead ikiwa "liid" ni kuongoza, ikiwa "led" ni ile risasi ya madini. Na hapa kuna mtego ambao hata wenye lugha wananasa kila siku, kuongoza kwa wakati uliopita ni led, bila a, lakini kwa kuwa read ya jana inaandikwa read, watu wanafananisha wanaandika lead. Wanaongeza a ya bure.

Lakini mzee tusijisifu sana na sisi. Kusoma ndiyo tumebarikiwa, maana je? Paa ni la nyumba, paa ni mnyama wa porini, ndege inapaa, na samaki anapaliwa magamba. Kaa ni yule wa pwani anayetembea upandeupande, ni la moto, na ni kuketi. Ila sisi ngeli zinatuokoa, ukisema paa wangu hakuna atakayeangalia juu. Mwingereza hana hiyo, kwake yote ni my, anategemea majirani wa neno. Kwa hiyo ukifika kwenye read usilisome bado, ruka macho mbele kidogo, ukiona yesterday au last year ni "red". Wenyewe wanafanya hivyohivyo bila kujijua.

*Kompyuta yangu inapiga mstari mwekundu kwenye majina ya ndugu zangu wote lakini nikiandika form badala ya from iko kimya! Nimetuma barua ya kuomba kazi nimeandika "I am form" hivi hivi. Niliyejiaibisha.*

Pole sana dada, njoo tukae wote. Mimi niliwahi kumwandikia mteja kwamba tuko tayari kuanza kazi, nikakusudia we are now ready, ikaenda we are not ready. Herufi moja tu. Nikakaa siku mbili nashangaa mbona hatumi karatasi zake, naye huko kakaa ananisubiri mimi niwe tayari, tena kwa adabu kabisa hata hakuuliza. Sijui ni kidole au ni simu ilijikamilishia yenyewe, ila niliyeibonyeza tuma ni mimi.

Tangu hapo barua yoyote ya maana siisomi kwa macho tu. Macho yanajua ulichokusudia yanakudanganya. Washa ile sehemu ya simu inayosoma maandishi kwa sauti uisikilize, form na from, now na not, quit na quiet, sikioni hazifanani hata kidogo, kosa linajitokeza lenyewe. Ila kwa too na to haitakusaidia, hapo rudi juu kwenye barua ya karani.

*Tunacheza gemu ya kupanga herufi. Tumepewa o, p, s, t. Tumepata stop, post, spot, pots. Mwenzangu anasema zipo sita. Kweli? Na kuna mtu kaweka aa tukamcheka. Wachezaji wa usiku.*

Zipo sita. Mmesahau tops, ambazo ni vilele au nguo za juu, na opts, yaani anachagua. Post peke yake ni nguzo, ni cheo, na ni kutuma barua, spot ni doa na pia ni kumwona mtu kwa mbali. Na mwombeni msamaha mwenzenu, aa ni neno, ni ule ujiuji wa volkano ulioganda ukawa na makalimakali, Kiingereza kimelichukua kutoka Kihawaii. Mkitaka kumlipizia wekeni ai, yule mnyama mvivu wa Amerika Kusini mwenye kucha tatu. Mi ningewacheka pia, usiku ule ningekuwepo.

*Mwalimu, mteja wangu ni Mwingereza, nimemfanyia kazi ya tafsiri kaniandikia your work is quite good. Nifurahi au nianze kutafuta mteja mwingine? Quite si ndo kimya? Mtafsiri chipukizi.*

Kimya ni quiet, "kwai-et", silabi mbili. Quite ni "kwait", moja. Quit ni kuacha. Wote watatu asili yao ni neno moja la Kilatini, quietus, la utulivu, aliyeachwa huru katulia, ndo ukoo wao ulivyogawanyika.

Sasa sifa yako. Ingekuwa imetoka Marekani ningesema kachinje, kule quite good ni nzuri sana. Kwa Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi, si mbaya. Ana kwa ana ungemsikia, akikaza good ujue kaipenda, akikaza quite kuna "lakini" inakuja nyuma. Na angeandika quite right au quite perfect ingekuwa kabisa, sawa kabisa, maana hayo hayana nusunusu. Kwenye maandishi sauti haipo, kwa hiyo hata mimi siwezi kukuapia. Ila umesema kakuandikia, hujasema kama kakutumia kazi ya pili. Angalia hiyo, halafu uniandikie tena.